Nguzo Katikati ya Nyasi

Kila mtu aliniambia nyumba ya mawe haiungui. Jirani wa upande wa kushoto aliniambia, fundi wa mabomba aliniambia, hata mhubiri aliyekuja kumwombea mama yangu akiwa amesimama nje ya dirisha aliniambia. "Mwalimu, ukuta ni mawe ya Ndarugo, juu ni mabati. Moto utakula nini hapa?" Niliwasikiliza mpaka mwisho, kwa sababu kazi yangu imenifunza kutomkatiza mtu akiwa katikati ya kosa. Ninafundisha watu kuendesha gari. Ukimpigia mwanafunzi kelele akiwa ndani ya kona, atakanyaga mahali pasipofaa. Unangoja gari linyooke, halafu unamweleza.

Basi nilikuwa nangoja, halafu naeleza. Ndiyo, nyumba haitaungua. Lakini ndani ya nyumba kuna mtu.

Mwaitu, kama sisi Wakamba tunavyowaita mama zetu, alitoka hospitalini mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa korona. Ugonjwa wenyewe ulikuwa umeondoka, ila mapafu yalibaki kama shuka lililofuliwa mara nyingi mno: lipo, lakini halishiki joto. Daktari alitaka abaki wodini kidogo zaidi, lakini vitanda havikuwapo na watu walikuwa wanangoja kwenye viti. Kwa hiyo akaja kwangu Kitengela pamoja na mashine ya oksijeni.

Niieleze hiyo mashine, maana wengi wakisikia oksijeni hufikiria mtungi. Mashine haijabeba hewa yoyote ndani yake. Inavuta hewa ile ile ya chumbani, inaichuja, kisha inampa mgonjwa sehemu anayoihitaji kwa mrija wa puani. Hufanya hivyo mchana na usiku, ikinguruma kama friji, na hufanya hivyo kwa stima. Stima ikipotea, mashine hulia mlio mmoja mrefu, halafu inakuwa sanduku. Mtungi mdogo wa akiba tulikuwa nao, wa kumfikisha mtu mahali, si wa kukaa nao nyumbani.

Sasa, stima huja kwa waya, waya hukaa juu ya nguzo, na nguzo ni mti. Ni mti uliopakwa dawa nyeusi ya mafuta ambayo mchwa hawaipendi lakini moto unaipenda sana. Na nguzo inayoleta stima kwangu imesimama ndani ya ploti ya mtu, katikati ya nyasi zilizokuwa zinanifika kifuani.

Nikifika hapo watu walikuwa wanasema, "Aki pole, Mwalimu."

Pole. Msimu ule nilipewa pole nyingi kiasi kwamba ningeweza kuzishona pamoja zikawa blanketi. Sikuhitaji pole. Nilihitaji nyasi ziondoke kabla ya upepo wa Februari.

Mtaa wetu uko ukingoni, mahali nyumba zinapoishia na uwanda unapoanza. Ploti nyingi hazina mtu. Mwenyewe alinunua, akazungushia seng'enge, akaweka geti la chuma lisilolinda kitu chochote, akaandika juu yake kwa rangi nyekundu "Hii ploti haiuzwi", akarudi alikotoka. Zamani hilo halikutusumbua. Ng'ombe na mbuzi wa majirani zetu Wamaasai walikuwa wanapita asubuhi, wanapenya palipolegea waya, wanakula, wanakwenda. Hakuna aliyewashukuru. Tulikuwa tunalalamika juu ya samadi barabarani. Nami nililalamika, niliikanyaga mara nyingi.

Ikaja mvua nzuri, msimu juu ya msimu. Na ikaja korona, na kamati ya mtaa ikaweka kizuizi kwenye lango la kuingilia: tangi la maji la kunawia, sabuni iliyofungwa kwa kamba, na mlinzi mwenye ile bastola ya kupima joto. Mwenyekiti wa kamati alijinunulia koti la reflekta, na tangu siku hiyo sikumwona bila hilo koti.

Siwezi kusema kizuizi kilikuwa kosa. Wiki zile za kwanza tuliogopa sote, na tulikuwa na haki ya kuogopa. Ninachosema ni hiki. Baada ya muda lori la mchanga liliruhusiwa kupita. Pikipiki za kuleta chakula ziliruhusiwa. Wageni wa arusi, wa matanga, wa nyama choma, wote waliruhusiwa. Waliobaki nje ni ng'ombe peke yao.

Nilikuwepo langoni siku moja jirani yangu mfugaji alipojaribu kuingia. Ni mwanamke wa rika langu, boma lao liko ng'ambo ya kijito kikavu, na ndugu za mumewe ndio waliouza sehemu kubwa ya ardhi tuliyojengea. Alisimama na kundi lake nyuma yake, shuka begani, barakoa ikiwa imekaa vizuri kuliko ya mwenyekiti.

"Mama, hapa ni mtaa," mwenyekiti alimwambia. "Tuko na protokali."

"Na mimi niko na ng'ombe. Hiyo protokali inakula nyasi?"

"Wewe unatoka nje. Hatujui umekutana na nani."

"Nimekutana na hawa. Wapime. Ukipata mwenye homa, mrudishe nyumbani akalale."

Mlinzi alicheka mpaka barakoa ikamshuka. Mwenyekiti hakucheka. "Hii si mchezo, mama. Watu wanakufa."

"Najua wanakufa. Tumezika," akasema yule mwanamke, na sauti yake ikabadilika. "Lakini gari ya mikate imeingia saa hii na dereva hata hajaguza sabuni. Mkate ndio hauna korona?"

Aligeuza kundi lake. Na nyasi zikaendelea kukua.

Mwezi wa kwanza zikageuka rangi. Kwanza zilikuwa kijani kibichi, kisha rangi ya chai ya maziwa, mwisho zikawa nyeupe na kuanza kulia zikiguswa na upepo. Mtu mmoja akatuma kwenye grupu ya WhatsApp ya mtaa video ya kilima kikiungua upande wa Kona Baridi, na hapo ndipo kamati ikaamka. Mwenyekiti akaandika kwa herufi kubwa kwamba MSIMU WA MOTO UMEFIKA, na kwamba kila nyumba iweke ndoo ya mchanga mlangoni, ipige picha, itume.

Picha zikaja. Ndoo za bluu, ndoo nyeupe zilizokuwa za rangi, ndoo mpya zenye kibandiko cha dukani. Mtu mmoja alipanda ua ndani ya mchanga wake. Wengine wakaweka vidole gumba. Nilizitazama zile picha nikiwa nimekaa kando ya kitanda cha Mwaitu, na kila nilipoinua macho dirishani niliona bahari ile nyeupe ikiinama na kuinuka, na nguzo yangu katikati.

Nikaandika. Niliandika polepole, kwa upole, kama ninavyomweleza mtu klachi. Nilisema ndoo ni nzuri kwa moto wa jikoni, ila moto wa nyasi huja kwa upana, na mchanga wa ndoo moja hautafunika hata hatua ya mtoto. Nilisema nyumbani kwetu Ukambani tuna mwethya, watu wanatoka pamoja wanalima shamba la mmoja, kesho la mwingine. Tufanye mwethya wa kufyeka ploti tupu zilizo chini ya waya. Na kwa wanaoogopa kukaribiana, nilisema, fyekeo lenyewe litatutenganisha, maana hakuna anayefyeka akiwa amemkaribia mwenzake, labda kama amechoka na mguu wake.

Watu wachache walicheka. Mwenyekiti akajibu: "MIKUSANYIKO IMEPIGWA MARUFUKU. KILA MTU AFYEKE KWAKE."

Kila mtu alikuwa ameshafyeka kwake! Hatari haikuwa kwetu tunaoishi pale, ilikuwa kwa wasiokuwepo. Niliandika hivyo. Akajibu kwa picha ya mikono miwili inayoomba.

Jumapili iliyofuata magari ya wageni wake waliokuja kuleta mahari yalipangwa kuanzia getini kwake mpaka langoni. Sikumwonea wivu; binti yake nilimfundisha mimi kurudi nyuma kwa kioo, na nilimwombea heri. Lakini nilisikia nyimbo na vigelegele kutoka chumbani kwa mgonjwa, nikajiuliza ni mkusanyiko wa namna gani ule ambao ni marufuku ukishika fyekeo na halali ukishika sahani.

Nikaamua kumtafuta mwenye ploti ile yenye nguzo. Namba yake na mahali anapoishi alinipa mlinzi. Hakuwa mbali kama nilivyodhani, hakuwa Ulaya wala Mombasa. Alikuwa Kware, Rongai. Simu hakuwa anashika, kwa hiyo nilichukua gari la shule, lile lenye kibao cha L juu na pedali mbili mbili ndani, nikaenda kumgongea geti. Alitoka akiwa na barakoa chini ya kidevu, akabaki upande wake wa vyuma.

"Nimekuja kuomba ruhusa nifyeke kidogo kuzunguka nguzo ya stima," nikamwambia.

"Nani amekuambia nauza?"

"Hakuna aliyeniambia unauza."

"Sasa unafyeka ya nini?"

Asiyejua Kitengela ataona huyu ni mwendawazimu. Hakuwa mwendawazimu. Kwetu, ploti ikifyekwa, watu husema ina mtu. Madalali hufyeka kwanza ndipo walete mnunuzi, ili mawe ya mipaka yaonekane. Akanisimulia kwamba aliwahi kuwa na ploti nyingine. Siku moja aliikuta imefyekwa vizuri sana, akadhani ni wema wa jirani. Aliporudi tena alikuta msingi umechimbwa, na mtu mwenye hati inayofanana na yake anagawia mafundi chai. Tangu hapo, kwake yeye, nyasi ndefu ndiyo hati. Nyasi zikiwa ndefu kila mtu anajua mwenyewe hajaiuza ploti.

Nilimwelewa. Hasira niliyokuwa nayo haikutokana na kutoelewa.

"Na zikiungua?" nikamuuliza.

"Zikiungua ploti itaenda wapi? Udongo hauungui, Mwalimu."

"Nguzo je? Mama yangu anapumua kwa hiyo nguzo."

Nikamweleza tena mashine, waya, mti, dawa ya mafuta. Aliinama akajikuna kisogo. Hakuwa mtu mbaya. Nadhani watu wabaya ni wachache kuliko tunavyotaka, na hilo ndilo linalochosha.

"Kufyeka, hapana," akasema mwishowe. "Hapo huwezi kunishawishi. Lakini lete ng'ombe. Wale kabisa, sina shida. Ng'ombe hajawahi kuuza ploti ya mtu."

Nilirudi nikiwa nacheka peke yangu ndani ya gari, kicheko kisicho na raha. Mwenye ploti alikubali ng'ombe lakini si fyekeo. Kamati ilikubali fyekeo, la mtu mmoja mmoja, lakini si ng'ombe. Na katikati ya hofu hizo mbili, kila moja ikiwa na sababu zake, alikuwa amelala mwanamke mzee asiyeweza kumaliza sentensi bila kupumzika.

Ploti yangu inapakana na ile ya nguzo kwa ubavu, na kwa nyuma inapakana na uwanda. Hakuna sheria inayonizuia kufungua ua wangu mwenyewe. Nikavuka kijito kikavu mpaka bomani kwa yule jirani.

"Takwenya," nikamsalimu kwa Kimaasai.

"Iko," akaitikia, kisha akanitazama kutoka viatu mpaka kichwa. "Leo Mwalimu amepotea njia?"

"Nimekuja kuomba ng'ombe wako."

"Kuoa ama kuchinja?"

"Kula. Waje wale nyasi za kwangu na za jirani. Nitafungua waya wa nyuma."

Alicheka kwa nguvu, akaniitia wanawake wenzake waje wasikie. "Sasa ndio mmejua ng'ombe wangu! Wakati zilikuwa kijani mlinifukuza kama mbwa. Sasa zimekuwa makaratasi, mnaniita." Lakini alikuwa ameshaanza kufikiri, nilimwona. Akasema nyasi kavu kama zile humpa ng'ombe kiu, na maji ya kunywesha yawe yangu. Nikakubali. Akasema pia mimi ndiye nitakayesema na mwenyekiti, yeye hana meno ya kumtafuna tena. Nikakubali hilo nalo, ingawa nilijua ndilo gumu zaidi.

Asubuhi niliyofungua waya, kundi lilipita chini ya dirisha la Mwaitu. Aliomba nimwinue mito. Alikulia na ng'ombe kule Makueni, na sikuwa nimeuona uso wake ukiwa vile tangu alipougua. "Huyo... mwekundu," akasema, akapumzika. "Ana mimba. Mwambie... asimkimbize." Nilimwambia jirani yangu kutoka dirishani. Akageuka, akamwinulia Mwaitu fimbo yake kwa heshima, akajibu kwa neno lao la mama, "Yieyo ana macho!"

Ng'ombe walikula ploti ile mpaka ikawa kama kichwa kilichonyolewa na mtu asiyekuwa na haraka. Pale chini kabisa ya nguzo nyasi zilikuwa ngumu, wakazikataa. Mimi na jirani yangu tukazing'oa kwa mikono, kila mmoja upande wake wa mti. Kung'oa si kufyeka. Kama mwenye ploti angeuliza, nilikuwa nimeshaandaa jibu.

Mwenyekiti alikuja kabla hatujamaliza chai. Hakuingia, alisimama getini na reflekta yake.

"Mwalimu, umetoboa mtaa."

"Nimefungua ua wangu, Mwenyekiti."

"Sisi tunalinda mbele, wewe unafungua nyuma. Korona ikiingia nitakuja kukuuliza wewe."

"Karibu unitazame waya kwanza," nikamwambia. Na nilimweleza. Nilinyoosha kidole tangu nguzo yangu, nguzo inayofuata, na ile nyingine karibu na upande wake, zote kwenye ploti zisizo na watu. Nilimwambia stima haiji kwa nguzo moja. Ni kama mnyororo wa baiskeli, ukikatika mahali popote hufiki. Nguzo yangu ni safi sasa. Ng'ombe waachwe waendelee kufuata waya, kazi ya siku chache, imekwisha. Wenye ploti hawatalalamika, maana hakuna atakayefyeka.

Alitazama. Naapa alitazama, macho yake yalifuata kidole changu mpaka mwisho. Kisha akasema, "Wacha nipeleke kwa grupu."

Kwenye grupu wakajadili kupe. Wakajadili samadi. Mtu mmoja akauliza mtaa utaonekanaje kwa wanunuzi ikiwa mifugo inazurura. Mwingine, ambaye simjui na hajawahi kukanyaga kwangu, akasema tusiruhusu hisia za familia moja ziamue mambo ya wote. Hisia! Mapafu ya mama yangu yalikuwa hisia. Mwisho ikaamuliwa ng'ombe wasitishwe hadi mkutano wa kawaida utakapowezekana.

Nilikwenda kumwambia jirani yangu. Hakushangaa. "Nguzo yako ni safi," akasema. "Hizo zingine mwambie mwenyekiti azilambe."

Moto ulikuja mchana, kutoka upande wa barabara. Nani aliuwasha hatukujua, na hata leo sioni umuhimu wake. Nyasi za namna ile hazihitaji mtu mbaya. Upepo ulikuwa wa moto kama umetoka Magadi. Kwanza niliona moshi mwembamba, wa kahawia, halafu nikasikia mlio kama mtu anayekanyaga vikombe vya plastiki, vikombe vingi sana. Nilifunga madirisha, nikaziba chini ya mlango kwa taulo zenye maji, nikamwambia Mwaitu asiogope, nikatoka.

Mtaa mzima ulikuwa nje. Tulivunja matawi mabichi tukawa tunapiga. Hakuna aliyekumbuka umbali wala barakoa, na hakuna aliyekumbuka zile ndoo isipokuwa mtu mmoja aliyekimbia na yake mpaka ukingoni, akaimwaga, akabaki amesimama akiitazama mikono yake. Wamaasai walikuja kutoka ng'ambo ya kijito bila kuitwa, wanawake na wanaume, wakaingia kupitia waya wangu uliofunguliwa, na siku hiyo hakuna aliyewapima joto.

Moto ulipofika kwenye ploti ya nguzo yangu, ulishuka. Ulikuwa mrefu kuliko mtu, ukawa wa kiuno, ukawa wa kifundo cha mguu, ukatafuta chakula ukakosa, tukaumaliza kwa viatu. Nguzo ilikuwa imesimama bila hata doa. Nilisimama nimeishika, nikihema, nikijiambia tumeweza.

Ndipo nikasikia ule mlio mrefu kutoka ndani ya nyumba.

Nguzo iliyoungua ilikuwa ile ya tatu, karibu na upande wa mwenyekiti. Iliwaka kuanzia chini kama njiti, ikainama taratibu, ikavuta waya zote pamoja nayo.

Nilimwekea Mwaitu mtungi mdogo. Nilipiga simu hospitalini. Kitanda hakuna, wakasema, jaribu kesho. Midomo yake ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Na hapo, juu ya kelele zote za watu na kukohoa, nikasikia jenereta ikiwaka. Kwa mwenyekiti.

Nilimbeba mama yangu mpaka kwenye gari la kujifunzia, mashine kiti cha nyuma, mtungi mapajani mwake, nikaendesha mpaka mlangoni kwa yule mtu. Alitoka, uso umejaa masizi, koti lake limetoboka kwa cheche.

"Mwenyekiti, uko na stima," nikamwambia. Sikuomba.

Alimtazama Mwaitu. Mkono wake ulikwenda kwenye chupa ya sanitaiza iliyokuwa mlangoni, ukasita, ukarudi. "Ingia, Mwalimu. Ingia naye." Alichomoa televisheni yake kwa mkono wake mwenyewe akaunganisha mashine. Tulikaa tukitazama kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni kikipanda polepole kuliko kitu chochote nilichowahi kukitazama.

Mwaitu alipopata pumzi, aligeuza kichwa. "Mwanangu... hii jenereta... inakula nini?"

"Petroli, mama."

"Ng'ombe," akasema, akapumzika, "wanakula nyasi. Tena... wanajitafutia."

Mke wa mwenyekiti alikimbilia jikoni ili asicheke mbele ya mumewe. Mwenyekiti aliinamia simu yake. Muda mfupi baadaye yangu ikalia, nikasoma, yeye akiwa amekaa kochi la pili mbele yangu: "TUNAMSHUKURU MUNGU NA KAMATI KWA MIKAKATI THABITI. HAKUNA NYUMBA ILIYOUNGUA."

Nimefundisha watu walioniingiza mtaroni. Nimefundisha mtu aliyebomoa ukuta wa kanisa. Sijawahi kumpigia mwanafunzi kelele. Siku ile nilisimama katikati ya zulia la watu na kumpigia kelele mwenye nyumba. Nilimwambia hakuna aliyemuuliza juu ya nyumba. Nilimwambia aongeze kwamba nguzo imeungua, ile niliyomwonyesha kwa kidole, na kwamba mgonjwa wa nguzo hiyo yuko sebuleni kwake anapumua kwa petroli. Alifuta. Akaandika upya, kwa ufupi, kwa herufi ndogo: kuanzia kesho ng'ombe wa majirani waruhusiwe kuingia.

Nilimpelekea jirani yangu habari hizo mwenyewe. Nilimkuta anafunga vitu. Mumewe alikuwa anajiandaa kuondoka na kundi kuelekea chini, upande wa Magadi, kwenye joto lile, kutafuta malisho, na yule ng'ombe mwekundu mwenye mimba alikuwa lazima atembee na wenzake.

"Wameruhusu," nikamwambia. "Lango limefunguliwa."

Alitazama nyuma yangu, kule mtaani, weusi mtupu mpaka kwenye kuta. "Waingie wakale nini, Mwalimu? Jivu?"

Nilishika kamba nikamsaidia kufunga. Mimi, mwenye maelezo ya kila kitu.

Stima ilirudi baada ya siku kadhaa. Walileta nguzo mpya, mti vilevile, dawa ileile. Nilimrudisha Mwaitu kitandani kwake, mashine ikaanza kunguruma, naye akalala kabla sijamaliza kupanga mito. Wewe unayesoma, kama una mgonjwa wa namna hii nyumbani, usiogope, ni kazi unayoiweza: toka nje, ufuate waya kwa macho yako mpaka usipoweza kuona tena, na kila nguzo utakayoikuta, uangalie miguu yake. Usingoje grupu.

Nilichukua jembe nikaenda kwenye ile ya tatu. Mvua ilikuwa karibu, na nyasi hazingojei mkutano. Nikaanza kulima duara kuizunguka, ndani ya ploti ya mtu nisiyemjua. Jirani wa upande wa kushoto, yule wa nyumba ya mawe haiungui, alipita akasimama kwenye waya.

"Mwalimu, umeomba ruhusa?"

"Hapana," nikamwambia. "Kuna jembe lingine pale kwenye gari. Shika upande ule."